Vilivyomo Ndani ya Mkoba Wetu wa Hina

Bibi harusi akitupigia simu huuliza bei, kisha huuliza: "Mnakuja na nini?" Sisi ni dada wawili, wachoraji wa hina hapa Unguja, na mkoba wetu ni mmoja. Leo tunaumwaga mkekani mjionee wenyewe.

Kifuu cha kukandia
Hiki tumekirithi kwa bibi yetu. Unga wa hina tunauchunga, tunaukanda kwa maji ya ndimu, sukari kidogo na mafuta ya mkaratusi, kisha tunaufunika. Hina ya kweli haina haraka. Ukiibandua mkono unakuwa rangi ya chungwa, na baada ya siku mbili ndiyo inaiva ikawa kahawia nzito. Kwa hiyo tuiteni mapema, si asubuhi ya harusi.

Kipande cha kanga
Kimechakaa hata jina lake halisomeki. Tunamtandikia bibi harusi magotini, na michoro yetu mingi imetoka humo: korosho la kanga linakaa vizuri mgongoni mwa mkono. Minyororo na mayungiyungi tumeyaokota kwenye milango ya Mji Mkongwe. Samaki tukimkuta mlangoni tunamwacha hapo hapo, viumbe hatuchori.

Msala na tasbihi
Kazi yetu hukatiza vipindi vya sala. Rangi ya hina haizuii udhu, lakini hina ikiwa bado imegandia juu ya ngozi, maji hayafiki. Basi kabla ya kufungua koni tunamuuliza bibi harusi, kwa faragha, kama anasali. Akisali, atangulize sala yake ndipo akae. Mapambo ya siku moja yasimpitishe faradhi.

Kisichokuwemo
Piko nyeusi ya rangi ya nywele hamtaikuta. Ina kemikali iitwayo PPD, ambayo inaweza kuchoma ngozi na kutoa malengelenge, na aliyewahi kudhurika nayo anaweza kudhurika tena kila akiigusa. Alitujia bibi harusi aliyepakwa kwingine, mikono imevimba, zimebaki siku tatu. Hatukuwa na la kumfanyia ila kumpeleka kwa daktari. Alikaa ukumbini amevaa glavu. Tangu hapo tunakataa, na wateja tunawakosa. Mama mmoja alitwambia, "Basi hamjui kazi." Tukamjibu, "Utusamehe mama, mkono ni wa mwanao."

Daftari la mama
Hili ndilo tukilipoteza tutalia. Mama ndiye aliyekuwa mchoraji, sisi tulikuwa wakandaji tu. Baba alipofariki, mama akakaa eda miezi minne na siku kumi: hatoki, hajipambi, mikono yake mitupu, nasi hatukupata kuiona vile hata siku moja. Na maharusi walikuwa wameshaahidiwa. Akaomba daftari la shule na penseli. Kila jioni alituchorea kiganja, akatueleza wapi koni ibanwe na wapi ilegezwe, nasi tukaenda kwa watu huku mioyo inatutetema. Tukirudi alituuliza jambo moja: "Bibi harusi kafurahi?" Kurasa nyingine zina madoa ya maji. Hatujamuuliza kama ni maji.

Eda ilipokwisha alioga, akakaa mkekani akatunyooshea mikono: "Haya, nionyesheni mlichojifunza." Mchoro tuliompaka siku ile haumo daftarini. Hakuna aliyekumbuka kuunakili.

Maharusi wetu, Allah azitie baraka ndoa zenu. Tukija, tuwekeeni mto wa kuegemea, na mle mshibe kabla hatujaanza, kwani mikono ikishapakwa mtalishwa na mawifi, nao wana mzaha.