Safari ya Bicester, Kijiji cha Bei Zilizoshushwa



Ukumbi tunaoukodi hapa London kwa ajili ya madrasa ya watoto ulipandishwa kodi mwanzoni mwa baridi. Mfuko wa wazazi ulikuwa na pauni 300, wala hazikutosha kutufikisha Ramadhani. Baadhi yetu tukatoa shauri kwamba fedha hizo zinunue vitu vilivyoshushwa bei madukani, nasi tuviuze mtandaoni kwa faida ndogo. Kwa kuwa fedha zile zilikuwa amana, tuliwauliza wazazi wote, mmoja baada ya mmoja, na hakuna aliyekataa. Maalim wetu akatukumbusha habari ya Urwa al-Bariqi, Sahaba aliyepewa dinari moja na Mtume (S.A.W.) ili amnunulie mbuzi. Alinunua wawili, akamwuza mmoja kwa dinari, akarejea na mbuzi na dinari vilevile. Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Kwa habari hiyo tulifunga safari.

Tuliondoka wawili, kijana mmoja na Bi Mkubwa mmoja wa kundi letu, asubuhi ya mwisho wa Disemba, kutoka kituo cha Marylebone. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1899, na hadi leo ni kidogo kuliko wenzake wakubwa wa London. Treni ielekeayo Oxford haikuchukua muda kuziacha nyumba za matofali. Yakatandaa mashamba yaliyolowa, miti isiyo na jani hata moja, na kondoo waliogeuzia upepo migongo. Kabla ya saa moja kutimia tulikuwa tumeshuka Bicester Village, kituo kilichoanza kupokea treni za London mwezi wa Oktoba 2015. Bi Mkubwa alipoona maandishi ya Kiarabu kando ya yale ya Kiingereza alifurahi, akasema, "Kumbe hata huku wanatungojea!" Kijana akamjibu, "Wanawangojea matajiri wa Ghuba, Bi Mkubwa, si sisi."

Mji wa Bicester wenyewe ni mji wa soko wa tangu zama za kale. Hiki kiitwacho kijiji kilifunguliwa mwaka 1995, nacho hakina kuku, hakina makaburi, wala hakuna anayelala humo. Ni njia moja ya miguu, pande zote mbili nyumba za mbao zenye rangi za kupoa, na kila nyumba ni duka, yamezidi 150. Yanauza zaidi mabaki ya misimu iliyopita, kwa bei ya chini. Hata hivyo si kila kilichomo ni mabaki, kwani yapo makampuni yanayotengeneza bidhaa maalumu kwa maduka ya namna hii. Kwa sababu hiyo bei ya zamani iliyokatwa kwa mstari mwekundu haimwambii mchuuzi thamani ya kitu. Kijana wetu alikuwa na dawa yake: kila alichokishika alikitafuta kwenye simu, akatazama si bei wanazoomba wauzaji, bali bei ambazo vitu vya aina hiyo vilikwisha kuuzwa. Mara nyingi alikirudisha kitu mahali pake.

Hapo ndipo tulipopata jaribio la kwanza. Kijana alishauri tupige picha vitu vikiwa bado rafuni, tuvitangaze, na tununue vile tu vitakavyopata mteja, ili tusihatarishe hata senti ya mfuko. Wako wengi wafanyao hivyo. Bi Mkubwa alimwuliza, "Mwanangu, mteja akilipa, nasi tukikuta kimeshauzwa, tutampa nini?" Kisha akamkumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Kijana akaitia simu mfukoni.

Tulirejea jioni na makoti 2 kwa pauni 60 kila moja, jozi 4 za viatu vya watoto kwa pauni 20 kila jozi, na pochi 2 za ngozi kwa pauni 24 kila moja. Jumla ikawa pauni 248. Nauli yetu ilikuwa pauni 52. Tulitaka kuitoa mifukoni mwetu, lakini Maalim alisema nauli isiyohesabiwa hudanganya hesabu nzima, kwa hiyo iliandikwa daftarini. Pauni 300 zote zilikuwa zimeondoka.

Usiku, tulipoyatandaza makoti chini ya taa, tuliona bitana ya moja imechanika chini ya kwapa, urefu wa kidole. Dukani lilikuwa kwenye safu ya bei ya mwisho isiyo na marejesho, nasi tuliona bei tu. Kukawa kimya. Mmoja wetu alisema kwamba kwa nje koti ni jipya na lebo yake inaning'inia. Mwingine akajitolea kupandisha dau katika mnada ilhali hana nia ya kununua, na hiyo ndiyo najashi iliyokatazwa. Maalim hakukemea. Alitusimulia tu jinsi Mtume (S.A.W.) alivyotia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini kumelowa, akamwuliza mwenyewe kwa nini hakuiweka juu iliyolowa ili watu waione. Basi picha ya kwanza tuliyoitangaza ikawa ya ule mchaniko.

Koti lile liliuzwa pauni 58, yaani kwa hasara. Lenzie lilileta 110, viatu 34 kila jozi, pochi 45 kila moja; jumla pauni 394. Ada ya mtandao ilikula 47, mifuko ya kufungia 6. Jozi moja ilirudishwa, na hasara yake ikawa pauni 5. Hatukulalamika: anunuaye ili auze ni mfanyabiashara, na kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 2013 mteja wa mtandaoni ana siku 14 za kubadili nia. Wasomaji wakumbuke pia kwamba tangu Aprili 2017 mtu husamehewa kodi kwa mapato ya biashara ndogo yasiyozidi pauni 1,000 kwa mwaka, na kinachohesabiwa ni mauzo yote, si faida.

Mfuko ulirudi na pauni 336. Faida ya pauni 36 ni kodi ya ukumbi kwa Jumamosi mbili. Wako watakaoicheka, na sisi wenyewe tulitarajia zaidi. Lakini aliyenunua koti la mchaniko aliandika kwamba kwa mara ya kwanza amepokea kitu kilekile alichoelezwa, akauliza kama tunacho kingine. Jumamosi iliyofuata watoto walisoma ukumbini, na Maalim aliwasomea wazazi daftari lote, tangu nauli hadi ule mchaniko.

Wabillahi tawfiq.