Pipa la mboji lilivyoleta mjadala nyumbani

Katika nyumba moja ya watu sita Tabata, Dar es Salaam, ndoo ya taka za jikoni ilijaa kila baada ya siku tatu: maganda ya ndizi na viazi, mashina ya mchicha, machicha ya nazi. Gari la taka likichelewa, uani kulinuka hadi jirani akafunga madirisha. Mama wa nyumba, mwenye vitalu viwili vya matembele na bamia nyuma ya jiko, aliamua kutengeneza mboji. Ubishi ukaja kwenye chombo.

Mume alitaka pipa la kisasa la kuzungusha kwa mkono, aliloliona kwenye simu. Mama mkwe, aliyetoka Moshi kuja kusaidia kulea, aliona ni kutupa fedha.

“Chimbeni shimo, mwanangu. Sisi miaka yote tunafukia, na migomba inazaa.”

“Ni kweli, mama,” mkwewe akajibu, “lakini kule kwenu ni mlimani, maji yanashuka. Hapa masika yakianza shimo litakuwa bwawa, na huyu mdogo ndiyo kwanza anatembea.”

Hapo bibi alinyamaza, na haki yake. Shimo la maji kwenye uwanja anaochezea mtoto wa mwaka mmoja halina utetezi, hata liwe fupi. Tena taka zikizama kwenye maji hukosa hewa, zikavunda badala ya kugeuka udongo.

Walichokubaliana ni pipa kuukuu la plastiki la lita 200, lile lenye mfuniko unaobanwa kwa mkanda wa chuma. Muuzaji alikuwa nayo ya aina mbili, na yale ya bei ya chini yalikuwa yamebeba kemikali. Mama aliyakataa bila kujadiliana. Mboji inaishia kwenye mboga, na mboga zinaishia kwenye sahani za watoto. Hapo hakuna cha kubana matumizi. Alichukua lililobeba mafuta ya kula, akaliosha kwa sabuni na maji ya moto.

Fundi alilitoboa matundu madogo pande zote na kwenye kitako, madogo kiasi kwamba panya hapiti. Likasimamishwa juu ya matofali ili maji yachuruzike. Kila Jumamosi baba na watoto wakubwa hulibana mfuniko, wakalilaza na kuliviringisha uani mara kadhaa. Kazi ni ileile ya pipa la kwenye simu, ila hili halina mkono. Halijazwi pomoni, maana likijaa sana vilivyomo havichanganyiki.

Wiki ya pili lilinuka. Mume alitaka kulirudisha kwa muuzaji. Bibi alichungulia tu, akasema, “Mmelilisha mbichi tupu.” Akamtuma mjukuu kwa seremala kuomba maranda ya mbao isiyopakwa dawa, naye akafagia majani makavu chini ya mwembe. Tangu hapo kila kopo la taka mbichi hufuatwa na makopo mawili ya vikavu. Bibi hupima unyevu kwa kukamua konzi moja: likitoa tone moja au mawili, sawa; likichuruzika, anaongeza vikavu; likimeguka kama vumbi, ananyunyiza maji. Siku chache baadaye harufu ilikata.

Gharama ambayo hakuna aliyeihesabu ni pipa la pili. La kwanza likishafikia kiwango chake halipaswi kuongezwa taka mpya, la sivyo kila siku kutakuwa na maganda mabichi katikati ya mboji inayokaribia kuiva. Linaachwa miezi mitatu hivi, likiendelea kuviringishwa, hadi kilichomo kiwe cheusi, kinachomeguka, chenye harufu ya udongo baada ya mvua. Wakati huo familia bado inakula.

Mifupa, vichwa vya samaki, wali wenye mafuta na kinyesi cha paka haviingii humo, nepi ndiyo kabisa. Hivyo bado vinasubiri gari la taka.