Risiti ya Kodi Si Hati ya Kiwanja

Kalemie

Mpwa wangu mpendwa,

Habari ya nyumba uliyonunua imetufikia na ukoo mzima umefurahi. Mama yako ameniambia unauliza kama risiti za kodi alizokuachia muuzaji zinatosha kuonyesha kwamba nyumba ni yako. Hazitoshi, na ningependa ulielewe hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali. Sisi raia tunapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na hati ya uandikishaji, ile tunayoiita sertifika, inayotoka kwa msimamizi wa hati za ardhi. Karatasi ya shefu wa kartie na mkataba wa mauzo vinakusaidia kuifikia, lakini haviwezi kukaa mahali pake. Mtu anaweza kulipa kodi miaka mingi juu ya kiwanja, kisha akatokea mwenye sertifika ya kiwanja hichohicho. Tena sertifika ikishatimiza miaka miwili bila kupingwa, ni vigumu mno kuivunja mahakamani. Kwa hiyo usilaze jambo hili: fuatilia jina la muuzaji litolewe na lako liandikwe.

Usinielewe vibaya, kodi yenyewe ni deni la haki, na Katiba inasema kuchangia gharama za nchi ni wajibu wa kila mtu. Kodi ya viwanja na majengo ilipangwa kwa sheria ya tarehe 10 Februari 1969. Haiangalii bei uliyonunulia. Inaangalia mji wako umewekwa katika daraja gani, aina ya jengo, na ukubwa wake. Kiwanja kitupu nacho kinatozwa, kwa hiyo usidhani ile sehemu ya nyuma uliyoiacha na mihogo imesahaulika. Katiba ya 2006 iliiweka kodi hii mikononi mwa majimbo, na tangu Tanganyika itoke ndani ya Katanga mwaka 2015, ni jimbo letu linalopaswa kuipokea. Ndiyo maana una haki ya kuuliza barabara ya kwenu inatengenezwa lini.

Ukipangisha vile vyumba viwili vya uani, kodi ya mapato ya pango ni nyingine kabisa. Mpangaji akiwa kampuni au shirika, sheria inamtaka akate sehemu ya kodi hiyo na kuipeleka mwenyewe serikalini. Mdai karatasi ya malipo kila anapokata, la sivyo utadaiwa wewe. Pia kama haki yako ni ya muda, kuna malipo ya kila mwaka kwa ofisi ya ardhi, ambayo nayo si kodi ya jimbo.

Kuhusu wanaopita mlangoni na vitabu vya risiti: Katiba inasema hakuna kodi isiyowekwa na sheria, na mwaka 2018 ilitolewa orodha ya kodi na ushuru wa majimbo na miji. Mkaribishe mgeni, mpe kiti, kisha mwombe agizo lake la kazi na jina la kodi anayodai. Usimpe feza mkononi. Omba karatasi ya madai, uipeleke benki, na kabla ya kuondoka dirishani soma risiti polepole: jina lako, namba ya kiwanja, mwaka unaolipiwa, muhuri. Namba moja ikikosewa, umemlipia jirani.

Mwaka 2024 ziwa lilipopanda, maji yaliingia katika nyumba nyingi za Kalemie. Weka karatasi zote ndani ya plastiki, juu, na nakala uniletee mimi huku. Mkeo ajue zilipo na ajue kila moja ni ya nini. Nimeona wajane wakitolewa nyumbani na ndugu wa marehemu kwa sababu hawakujua hata sertifika ilikuwa kwa nani.

Januari hii nenda ofisi ya ardhi kwanza, kisha ofisi ya mapato ya jimbo, na mkeo uende naye.

Mjomba wako anayekupenda.