Kutu ya Uvinza

Jumatatu, 14 Oktoba
Siku ya Nyerere. Gereji hapa Isevya kimya, mimi niko chini ya Hilux. Mwenyewe kasema inavuta kushoto kidogo tu. Kidogo! Tairodi ya kushoto naitikisa kwa mkono mmoja, boljointi ya chini imelegea, bushi zimekwisha. Na watu wanapandishwa juu ya magunia ya chumvi.

Chumvi ya Uvinza. Magunia yanavuja, chumvi inavuta unyevu, inateremka mpaka chini kwenye fremu. Kutu ikila chuma inavimba, inajaza nyuzi zote, nati na bolti vinakuwa kitu kimoja. Kotapini hazionekani hata kidogo, nimezichokoa kwa msumari. Brashi ya waya, kisha mafuta ya kupenya. Kijana wangu wa gereji kashika spana tayari. Nimemwambia aiweke. Mafuta yanywe usiku kucha.

Jumanne, 15 Oktoba
Joto la kuchoma. Nati ya tairodi imetoka! Boksi la pembe sita, bomba refu kwenye mpini, kukaza kidogo kwanza ndipo kulegeza. Ilipolia nikajua imekubali. La pembe kumi na mbili lingekula kona zote.

Pini yenyewe ikagoma kwenye jicho la mkono wa stelingi. Nikarudisha nati nyuzi chache ili isije ikaruka. Nyundo kubwa nyuma ya jicho, nyingine ubavuni. Si juu ya pini, kijana, ubavuni! Anayepiga pini anaharibu nyuzi na jicho bado limebana. Gonga, gonga, sauti nzito. Mara tap, ikaanguka. Kijana kapiga kelele mpaka mama ntilie kaja kuchungulia. Nimefurahi mno.

Jumatano, 16 Oktoba
Sina raha. Mwenye gari kaja asubuhi.
“Fundi, kazi iliyobaki si umwite mtu wa gesi? Dakika tano tu.”
“Mzee, mkono wa stelingi hauchomwi.”
“Mbona wengine wanachoma?”
Wanachoma, ndiyo, na ndicho kinachoniuma. Chuma hicho kimepewa ugumu wake kiwandani. Ukikipasha mpaka kiwe chekundu unauondoa, na kwa macho huoni kitu. Kinapakwa rangi, kinang'aa, kinakuja kukatika huko mbele ya Kaliua gari likiwa na mzigo. Nati ya kutupwa nitaipasha moto, sawa, mbali na mpira na paipu ya breki. Mkono, hapana.

Kanyamaza, kakaa kwenye tairi. Nikamwambia wapagazi wetu wa Kinyamwezi waliibeba chumvi hiyo hiyo mabegani kuja huku kwetu Unyanyembe, na aliyejikwaa alianguka na mzigo wake mwenyewe. Stelingi ikikatika, dereva anaanguka na wote waliopanda. Kakubali kungoja. Bado moyo haujatulia, maana wiki ijayo atapita gereji nyingine.

Ijumaa, 18 Oktoba
Bolti ya mkono wa chini. Inazunguka, lakini haitoki. Imeshikana na bomba la ndani la bushi, ukigeuza mpira unajikunja, ukiachia inarudi. Nyundo haisaidii hapo. Nikaweka alama pale nati ya kurekebishia tairi ilipokaa, nikaondoa dumu la petroli, nikafunika paipu ya breki kwa gunia bichi, grinda ikaingia kati ya bushi na fremu. Kata huku, kata huku. Cheche mpaka kwenye ndala. Mkono umeshuka. Bushi zilizokuja jana kwa basi kutoka Mwanza zimeingia. Mikono inatetemeka, nalala mapema.

Jumamosi, 19 Oktoba
Bolti mpya, grisi kwenye shina, kotapini mpya zote. Bolti za mkono wa chini nimezikaza gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Bushi ya mpira ukiikaza gari likiwa juu ya jeki, inabaki imejisokota na kuchanika mapema. Nimeijaribu Hilux mpaka Kwihara na kurudi. Imenyooka. Bado alaimenti tu.

Mzee kalipa na kushukuru. Nimemwomba jambo moja, na kila anayebeba chumvi nitamwomba hilo hilo: ukishusha mzigo, siku hiyo hiyo, osha gari chini kwa maji matupu. Chini, si bodi.