Unapoamka Saa Tisa ya Usiku

Bila shaka umepata kusikia ikisemwa kwamba fulani "ana mawazo", nawe hukuuliza ni mawazo gani. Lugha yetu imekwisha kukata shauri: mawazo yakitajwa peke yake, bila sifa wala maelezo, basi si mema. Ni madeni, ni ugonjwa, ni karo, ni ndoa iliyoingia ufa. Mwenye mawazo hutambulikana kwa jinsi anavyoitikia salamu, sauti ipo lakini mwenyewe hayupo.

Mimi nilikuwa na mawazo kwa muda wa mwaka mzima baada ya kufiwa na mdogo wangu, ambaye tulizaliwa naye wawili tu. Mchana nilizifanya kazi zangu kama kawaida, nikaandika habari za watu wengine na kumfikishia mhariri kwa wakati. Usiku, ifikapo saa tisa, macho yalifumbuka yenyewe kana kwamba nimeitwa, na hapo kesi ikaanza kusikilizwa. Kwa nini ameondoka kijana vile? Nani alisema nini siku ile? Mama yetu atazeekea mikononi mwa nani? Mshitaki, mshitakiwa na hakimu, wote walikuwa mimi, na kesi iliahirishwa alfajiri ili iendelee usiku wa pili.

Daktari hakuniona na ugonjwa wa mwili. Alinipeleka kwa mshauri, mama mmoja wa makamo, ambaye siku ya kwanza alinipa punje moja ya zabibu kavu akaniambia niile kwa dakika tano; niitazame, niinuse, niiweke ulimini kabla ya kutafuna. Nilidhani ananifanyia mzaha. Nilikuwa nimetoka Mbagala kwa mabasi mawili, nimeomba ruhusa kazini, nami nalishwa zabibu moja!

Baadaye nilifahamu kwamba zabibu ile ina historia yake. Mwaka 1979, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Worcester, Marekani, msomi wa elimu ya viumbe aitwaye Jon Kabat-Zinn alianzisha darasa kwa wagonjwa ambao maumivu yao yalikuwa hayatulizwi tena na matibabu ya kawaida. Aliwafundisha kuzingatia jambo lililopo wakati lipo, bila kulihukumu. Zoezi mojawapo hufanywa mtu akiwa amelala chali: huanza kuvihisi vidole vya mguu wa kushoto, kisha unyayo, kisha kifundo, hivyo hivyo mpaka utosini, pasipo kukitaka kiungo chochote kiwe vingine kuliko kilivyo.

Usidhani kwamba akili itatii. Utaanza na pumzi, na kabla hujavuta ya tatu utajikuta umefika kwa mwenye nyumba unajadili kodi. Kazi yenyewe ipo hapo: kugundua kwamba umetoroka, na kurudi kwenye pumzi bila kujikaripia, hata ikiwa mara mia. Mimi nililalamika kwamba mawazo hayatoki.

"Dada, nani amekwambia uyatoe?" akaniuliza yule mama. "Ukiwa kituoni hupandi kila gari linalosimama. Lisilo lako liache lipite."

Wanasaikolojia watatu, Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale, waliyachukua mafunzo hayo na kuyaelekeza kwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Walijiuliza kwa nini mtu aliyekwisha kupona hurudiwa tena na tena. Jibu lao lilinigusa sana. Kwa aliyewahi kuugua, huzuni ndogo tu huamsha msururu ule ule wa mawazo ya zamani, na kule kuyachambua ili apate njia ya kutokea ndiko kunakomzamisha zaidi. Mwaka 2015 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa 424 nchini Uingereza. Katika miaka miwili, waliofuata mafunzo huku wakisaidiwa kupunguza dawa walirudiwa na sonona 44 katika kila 100. Walioendelea na dawa walirudiwa 47. Tofauti hiyo ni ndogo mno, wala haitupi ruhusa ya kutupa vidonge jalalani. Wagonjwa wale walipunguza dawa chini ya macho ya madaktari wao.

Wala si kila mtu afumbe macho na kukaa kimya peke yake. Aliyeona mambo ya kutisha, au anayesikia sauti wasizozisikia wengine, huenda kimya hicho kikamzidishia. Huyo aanze kwa daktari. Kadhalika, mshahara usiotosha hautatosha hata uvute pumzi namna gani, na mwajiri anayewafundisha watu kupumua huku akiwazidishia saa za kazi anawadhihaki.

Nyumbani sikuhitaji mkeka wa pekee. Nilianza na kukuna nazi, kwa kuwa mbuzi hana subira na mkunaji aliye mbali. Ukipotea kidogo, anakukwaruza mkono. Nikaisikiliza sauti ya meno yake, nikatazama nazi ikigeuka rangi nilipokaribia kifuu. Halafu nikaendelea na kuosha vyombo, na kusimama katika foleni ya benki bila kuitoa simu mkobani. Siku nyingine nilifanikiwa kwa dakika moja tu.

Mama yangu alinitazama kwa majuma kadhaa, kisha akaniuliza kama haya ni ibada ya watu wengine. Nilimwambia ukweli: mbinu hizi zina asili katika dini ya Kibudha, lakini pale Worcester zilifundishwa kama tiba, na hakuna aliyetakiwa kuacha imani yake. Alinyamaza. Naye amefiwa na mwana, wala sijapata kumsikia akisema kwamba ana mawazo.

"Na usingizi, mwanangu, unaupata?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba usiku mwingine naupata, usiku mwingine siupati. Akasogea mkekani, akaniambia nimwonyeshe huo mguu wa kushoto unaanziwa wapi.