Wazee wa Reli na Pensheni Zao

Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa Februari 1977, nilikuwa karani kijana wa reli hapa Moshi. Njia yetu ya kwenda Voi ilipitia Taveta, ng'ambo ya mpaka, basi treni zikakoma. Makao makuu ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki yalikuwa Nairobi, na hesabu za utumishi wa watu wetu ziliishia huko.

Sisi vijana tuliingizwa katika shirika jipya la nchi, mshahara ukaendelea. Walioumia ni wazee. Namkumbuka fundi mmoja wa njia, aliyeanza kazi enzi za Mwingereza na sasa alikuwa amestaafu. Kila mwisho wa mwezi alikuja dirishani kwangu na koti lake la kazi lililopauka. "Mwanangu, Nairobi wamejibu?" "Bado, mzee." Alishukuru, akaondoka. Shukrani ile ilinichoma kuliko matusi ya wengine.

Usuluhishi wa kugawana mali ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka ule wa 1977, uliongozwa na Mswisi, Victor Umbricht. Mei 1984 mkataba ulitiwa saini Arusha: mali ikagawanywa, Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26, na kila nchi ikakubali kuwalipa raia wake pensheni zao. Tulishangilia ofisini. Kumbe safari ndiyo kwanza inaanza. Madai ya wastaafu wa Tanzania yalifika hadi Mahakama Kuu, na makubaliano ya malipo yakapatikana mwaka 2005, miaka 28 tangu Jumuiya ivunjike. Katikati hapo shilingi iliporomoka. Mafao yaliyohesabiwa kwa mshahara wa 1977 yasingemlisha mtu mwezi mmoja.

Fundi yule alikuwa ameshazikwa. Mjane wake ndiye aliyepanga foleni, ameshika barua za mirathi, na macho yake hayakuona tena pa kutia saini. Deni la mzee halipaswi kungoja kama deni la kijana. Siku za kungojea hana.

Leo tuna Jumuiya mpya, na Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 2010, inawafungulia wafanyakazi njia ya kuvuka mipaka. Wajukuu zangu, mkiajiriwa Nairobi au Kigali, tunzeni barua ya ajira na kila hati ya mshahara. Nanyi mnaoandika mikataba, wekeni humo jina la atakayelipa pensheni na tarehe ya kulipa, kabla mwajiriwa wa kwanza hajazeeka.