Nilivyoisaka picha ya 'Hatari!' kwenye gulio la sinema, Marekani

Msomaji, we acha tu. Kuna watu wanakwenda majuu kutafuta maisha, na kuna sisi wengine tunakwenda majuu kutafuta karatasi. Safari yangu ilianza kama ya kumsalimia binamu yangu mjini Columbus, Ohio, mwezi Mei 2023. Ikageuka kuwa ya karatasi. Aliyeniponza ni Baba Mdogo.

Baba Mdogo ana miaka 80 na ushee, anaishi Tengeru, kilomita chache kutoka Arusha mjini. Tangu nipate akili, mzee huyu ana hadithi moja tu: ile filamu ya Hatari! Kama hujaiona, muulize baba yako. Ni filamu ya Howard Hawks, ilitoka mwaka 1962, nyota wake John Wayne na Elsa Martinelli. Sehemu kubwa walipigia kwetu, Momella, chini ya Mlima Meru, wakati huo nchi ikiwa bado Tanganyika. Kukimbiza vifaru na twiga kwa magari, hakukuwa na longolongo: waigizaji wenyewe walikuwa juu ya magari. Na jina ni Kiswahili chetu kabisa, na alama yake ya mshangao.

Baba Mdogo anasema alikuwa kijana wa miaka 18, kazi yake kushika kamba na kufungua vizimba vya wanyama. Filamu ilipofika Arusha, akaenda sinema. Nje, kwenye vile vioo vya kuwekea picha za kuvuta wateja, akajiona. Yuko nyuma ya gari, na kamba mkononi! Akakimbia kuwaita wenzake. Waliporudi siku nyingine, filamu imeshabadilishwa na picha zimeondoka nayo.

Toka siku hiyo hadi leo watu humsikiliza, wakaishia kutabasamu. "Ndiyo Mzee, umecheza na John Wayne." Unajua lile tabasamu la kumpa mtu heshima huku humwamini? Basi ndilo.

Tuliwahi kuitazama filamu yenyewe kwenye DVD mara nne. Patupu. Nikaja kugundua baadaye kwamba picha zile za kwenye vioo hazikatwi kwenye filamu. Kuna mpigapicha wake maalumu, anasimama pembeni na kamera yake na kupiga picha za matangazo. Kwa hiyo unaweza ukawepo kwenye picha na usiwepo kwenye filamu.

Aliposikia nakwenda Marekani, Baba Mdogo akanishika mkono. "Mwanangu, wewe si unakwenda kwa wenyewe? Nitafutie ile picha. Macho yangu haya yanakwisha."

Utamkataliaje?

Binamu yangu anakaa Columbus mwaka wa kumi sasa. Usidhani ni mji wa upweke. Wasomali wamejaa, Wakongo wapo, na dukani unaweza ukaulizwa bei kwa Kiswahili. Nilipomweleza shida yangu akacheka, kisha akasema bahati yangu ipo. Mji wao una tamasha la wapenzi wa filamu za zamani, linalofanyika mwishoni mwa Mei. Lilianza mwaka 1969 kwa jina la Cinevent, na mwaka 2022 likabadilishwa kuwa Columbus Moving Picture Show.

Ijumaa asubuhi tukatinga hotelini katikati ya mji. Unalipa kiingilio, unapewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, unaingia.

Upande mmoja kuna chumba chenye giza, filamu za kale zinaonyeshwa mchana kutwa. Upande wa pili ndiko kwenye mambo: chumba cha wauzaji. Fikiria mnada wa mitumba wa Karume, ila badala ya majeans kuna karatasi. Meza kwa meza, maboksi kwa maboksi, yamepangwa kwa herufi. Mabango, picha za nyota zenye saini, vitabu vya programu, mikanda ya filamu kwenye makopo ya bati. Wauzaji wengi ni wazee wenye mvi, wana miwani inayoning'inia kifuani. Hakuna anayepiga kelele "chagua, chagua!" Wanaongea taratibu kama wako maktaba.

Lakini hela inayotembea si mchezo. Katika biashara hii, bango la Metropolis, filamu ya Kijerumani ya 1927, liliuzwa London mwaka 2005 kwa dola 690,000. Bango la Dracula ya 1931 lilifika dola 525,800 mnadani mwaka 2017. Na vile viatu vyekundu alivyovaa Judy Garland kwenye The Wizard of Oz? Jozi moja iliuzwa kwa dola 15,000 mwaka 1970, studio ya MGM ilipokuwa inasafisha stoo. Jozi nyingine ikauzwa Desemba 2024 kwa dola milioni 32.5, pamoja na ada ya mnada. Viatu, msomaji. Tena vya kutembelea.

Kwa nini karatasi iwe ghali hivyo? Mzee mmoja mwenye meza kando ya mlango alinipa darasa la bure. Zamani mabango hayakuwa ya kuuziwa watu. Kuanzia mwaka 1940 kampuni moja, National Screen Service, ndiyo iliyokuwa ikiyasambaza kwa sinema karibu zote za Marekani. Sinema inakodi, inabandika, inarudisha, au inatupa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wananchi wakahimizwa kutoa makaratasi yasaidie vita, na mengi yakaishia huko. Yaliyobaki ni yale ambayo mfanyakazi fulani aliyasahau stoo, au aliyaficha chini ya zulia.

Darasa lilinifaa, maana dakika kumi baadaye nilikuwa karibu kuingia mkenge. Nimeona bango la Hatari! linang'aa, kifaru kajaa tele, dola 40 tu. Mkono ukaenda mfukoni wenyewe. Mzungu mmoja mnunuzi, aliyekuwa nyuma yangu, akaninong'oneza: pima kwanza. Akatoa tepu ya kupimia mfukoni kama fundi seremala. Inchi 24 kwa 36. Akatikisa kichwa. Bango halisi la sinema la miaka ile, lile la saizi ya kawaida, ni inchi 27 kwa 41. Tena lina mikunjo, kwa sababu yalikuwa yakisafirishwa yakiwa yamekunjwa mpaka kuingia miaka ya 1980. Na pembeni chini huwa kuna namba inayoanza na mwaka: la 1962 linaanza na 62. Hili langu halikuwa na mkunjo wala namba.

Nikaligeuza. Nyuma ya plastiki, kwa maandishi madogo, imeandikwa ni nakala. Muuzaji hakudanganya. Ni mimi sikusoma. Bango halisi nililiona meza ya tatu mbele yake, mikunjo yote ipo, dola 250. Nikalisalimia kwa mbali.

Ila mimi sikufuata bango. Nilifuata zile picha za kwenye vioo. Kwa Marekani zilikuwa za karatasi ngumu, inchi 11 kwa 14, na kwa kawaida seti moja ina picha nane. Jumamosi nikaanza na herufi H, meza baada ya meza. Vidole vikawa vyeusi kwa vumbi. Saa nane mchana, kwenye boksi la mzee mmoja mwenye suruali ya mikanda ya mabegani, nikazikuta. Tano. Hatari!, Hatari!, Hatari!

Moyo ulikwenda mbio, nasema ukweli. Ya kwanza, John Wayne uso mzima. Ya pili, Wayne na Elsa Martinelli. Ya tatu na ya nne, nyota tena. Ya tano: gari limesimama, vumbi limetanda, Wayne kageuka, unaona mgongo na kofia. Na kwenye kona ya kushoto, vijana wawili Waafrika. Mmoja amekatwa nusu na ukingo wa picha. Mwingine ameonekana vizuri kabisa, na kamba mkononi.

Zile za nyota, dola 60 kila moja. Ya tano, 35. Nikamuuliza mzee mbona hii rahisi? Akanionyesha kwa kidole: uso wa nyota hauonekani, na kona zina vitundu vya pini. Wale vijana hakuwataja kabisa. Si kwa ubaya. Kwenye hesabu zake hawakuwepo.

Hapo nilitaka kulipa palepale. Binamu akanivuta shati. "Tulia. Njoo kesho mchana. Jumapili hawa wazee hawataki kubeba mzigo kurudi nao, bei inaanguka yenyewe." Kumbe Karume na Ohio ni ndugu. Nikamsikiliza, lakini usiku ule sikulala. Itakuwaje akitokea mtu akazikomba zote? Nimpelekee nini mzee, hadithi nyingine juu ya hadithi yake?

Jumapili saa tano unusu nilikuwa mlangoni. Nikaenda moja kwa moja kwenye lile boksi. Herufi H. Hakuna! Nikarudia mara ya pili, vidole vinatetemeka. Hakuna. Binamu akaanza kuangalia dari.

Mzee wa mikanda akaniona. "Unatafuta Hatari!? Jana jioni kuna mtu alichukua nne." Akainama chini ya meza, akatoa ya tano. "Hii aliiacha. Hana haja nayo."

Nilitamani kumkumbatia. Nne zenye nyota zimekwenda. Iliyokuwa imenileta mimi ndiyo ambayo hakuna aliyeitaka. Akaniambia dola 20. Nikasema 12. Tukakutana kwenye 15, akanitilia na kadibodi mbili ngumu za kuilinda, bure. Akanipa na ushauri: usiikunje, usiiweke juani, na usithubutu kuiandika kwa kalamu, utaiua bei.

Nikatoka nje, nikapiga WhatsApp ya video. Kwetu saa sita mchana, Tengeru saa moja usiku. Binti wa Baba Mdogo akashika simu, akaisogeza karibu na macho ya mzee. Nikaelekeza kamera kwenye kona ya kushoto.

Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Mwanangu," akasema, "huyo si mimi."

Nikaishiwa nguvu. Dola 15 si kitu, lakini wewe fikiria mwenyewe.

"Huyo ni swahiba wangu. Tulilala hema moja. Mimi ndiye yule aliyekatwa pembeni, huo mkono wangu." Akanyamaza tena. Kisha nikasikia analia, mzee wa watu. Swahiba wake alifariki miaka ya 1970, akaacha mtoto mdogo wa kike. "Yule hakuwahi kupigwa picha nyingine. Ilete. Usiikunje."

Niliibeba kwenye ndege mapajani kama mtoto mchanga. Wahudumu wakataka niiweke juu kwenye mizigo, nikawaambia ndani kuna baba wa mtu. Wakaniacha.

Wiki ya kwanza ya Juni, mimi na Baba Mdogo tukapanda daladala mpaka Usa River. Yule mtoto mdogo sasa ni mama mtu mzima, ana wajukuu, ana genge la ndizi. Akafuta mikono kwenye kanga, akaipokea picha. Akaitazama muda mrefu bila kusema. Akaigusa kwa kidole juu ya plastiki, pale pale kwenye kona. Kisha akamwita mjukuu wake wa kiume, akamsimamisha mlangoni kwenye mwanga, akawa anaangalia picha, anamwangalia mtoto. Pua ni ile ile.

"Mmeinunua shilingi ngapi?" akauliza.

Nikamwambia: dola 15.

Akacheka huku machozi yanamtoka. "Baba yangu rahisi hivyo?"

Baba Mdogo hakucheka. Aliomba kalamu. Akaitoa picha kwenye plastiki, akaigeuza, na kwa mkono wake unaotetemeka akaandika nyuma majina mawili, la swahiba wake na la kwake, na chini yake: Momella, 1961.

Nikamkumbuka yule mzee wa Columbus na ushauri wake kuhusu kalamu. Nikaufyata.